Nikicheka naambiwa siumwi, nikilia naambiwa nadeka. Wenzangu mnaishije na hii?

Binti_Kipupwe

Habari zenu wapendwa. Kabla sijaenda mbali naomba nieleweke, sitafuti dawa wala mganga wala sitaki mtu anifuate inboksi na juisi yake ya rozela. Dawa ninazo. Mi ni sikoseli, yani selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, nimezaliwa nayo, vidonge vya foliki nameza tangu sijui kusoma, haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu, nimeanzishwa ukubwani na kliniki sikosi. Nauliza kuhusu upande ule ambao kliniki hawauulizi, yani kichwani na moyoni, kwa sababu mwili nimeshauzoea ila hiki kingine kila mwaka kinakuja na sura mpya.

Kisa chenyewe hiki. Majuzi nilishikwa usiku, mgongo wa chini na mapaja yote mawili, yale maumivu ya ndani ya mfupa ambayo hata shuka likigusa ngozi unataka kulirusha. Nikameza vya nyumbani, nikanywa maji, nikajikanda na chupa ya maji moto, wapi. Kulipokucha nikachukua bajaji mpaka hospitali, sitaitaja. Sasa pale mapokezi nimekaa kwenye benchi nina simu naangalia klipu za vichekesho, maana hiyo ndo njia yangu miaka yote, nikiacha macho yatulie sehemu moja akili yote inahamia pajani. Kuna klipu ikanichekesha kweli, nikacheka. Nesi anapita, ananitazama, anamwambia mwenzie wala hapunguzi sauti, "huyu ndo wa maumivu makali, anacheka na simu". Basi nikasukumwa nyuma ya foleni, akapitishwa kaka mmoja kateguka kifundo cha mguu mpirani, analia kwa sauti mpaka watu wanamshikilia. Simlaumu kaka wa watu, mguu ukiteguka unauma. Lakini mimi muda ule nilikuwa kwenye nane ya kumi na sura yangu ilikuwa haisemi kitu.

Na haisemi kwa sababu nimeifundisha isiseme. Nilipokuwa mdogo nikilia usiku bibi analia na yeye, mama kesho haendi sokoni, baba anatoka anakaa barazani peke yake mpaka asubuhi. Mtoto anaona hayo. Nikajua nikitoa sauti nyumba nzima inasimama, nikaacha kutoa sauti. Nikawa nang'ata kona ya mto, mama akifua foronya anakuta matundu, anadhani panya.

Safari iliyofuata nikasema ngoja na mimi nilie kama binadamu wengine. Nililia kweli, wala sikuigiza, nilifungulia tu. Nikaambiwa dada wewe mtu mzima acha kudeka, watoto wanakuangalia. Nilipotaja sindano ambayo huwa inanituliza, jina na kipimo chake, ndo nikaharibu kabisa, nikatazamwa kama teja amekuja kuvizia dawa.

Sasa nauliza wenye maumivu ya muda mrefu, iwe sikoseli iwe mgongo iwe chochote, nyie mnajiwekaje? Na kingine, mnafanyaje na zile siku ambazo HAUUMWI? Maana mi naona hizo ndo ngumu. Siku nzima sina kitu lakini nimebeba sweta kwenye joto la Dar, chupa ya maji begani, nikialikwa harusi sitoi jibu, nikinunua nguo nzuri nawaza nitaivaa au itanikuta wodini. Kuna mtu ananichumbia, mtu mzuri tu, nashindwa kumwambia twende tukapime tujue na yeye yukoje kwa sababu nikisema hivyo ndo nakuwa mgonjwa rasmi mbele yake. Samahani kwa maneno mengi.

Mtu_wa_Semi

Pole dada ila mi nitasema ukweli hata kama utauma, maumivu ukiyaendekeza yanakutawala. Mi mgongo wangu pingili zimesagika, daktari kaniambia diski imetoka inabana mshipa, na naendesha semi Dar Tunduma mpaka Lubumbashi huko, foleni ya mpakani unalala kwenye kiti siku kadhaa, na sijawahi kumlilia mtu. Mwanaume unakaza meno unaendelea na safari. Nikirudi nyumbani siku ya kwanza hakuna anayenisemesha, watoto wanajua baba kaja na mgongo wake wanaingia chumbani, mke anaweka chakula anaondoka, mimi nakula nalala, kesho yake nipo sawa. Simu na vichekesho na kulia vyote hivyo ni kuipa akili nafasi. Jikaze dada, wenzio tunajikaza.

Jirani_wa_Mbagala

Kaka semi hapo umesema hujawahi kumlilia mtu, afu mstari unaofuata watoto wako wanakimbilia chumbani wakisikia geti. Sasa hayo si ndo machozi yako wewe, ila umewagawia wao walie kwa zamu? Natania kidogo ila sitanii.

Nuru_ya_Agano

Dada haya mambo mengine hospitali hawawezi. Mifupa kuuma usiku tu ni mashambulizi. Njoo kwenye maombi Jumapili hii utafunguliwa.

Mzee_wa_Sweta

@Nuru tunashukuru, ila mimi nilishafunguliwa mara nyingi sana na kila nikifunguliwa nafungwa tena mwezi wa sita baridi ikija. Nina chale magotini, viwikoni na kiunoni za mganga wa kule kwetu kanda ya ziwa, zimepangwa kwa mstari vizuri kabisa, kazi safi, ila seli nyekundu hazikuziona. Kuomba naomba mpaka leo na kunanisaidia, kunanituliza, lakini sitaki kuambiwa nina pepo kwa sababu nina damu ya baba na mama yangu. Ukimwambia mtu anayeumwa kwamba kuumwa kwake ni shambulizi unamwongezea kazi, sasa anaumwa halafu anajichunguza kakosea wapi.

Binti, mimi ni mwenzio kabisa, SS, yani nimerithi kwa baba na mama wote wawili, nimekuzidi umri sana nahisi. Hapo kwenye foronya nimecheka afu nikanyamaza. Mimi nilikuwa nang'ata mkanda wa begi la shule.

Hayo ya kuonekana huumwi tunayo wote. Nakwambia kitu nilichokuja kukiona baada ya muda mrefu, watu wanaotuzunguka wanataka maumivu yawe na mwanzo na mwisho. Mtu akivunjika anaenda, anafungwa POP, ile plasta ngumu, wanaandika majina kwenye POP, inafunguliwa, wanamshangilia. Sisi leo tupo wodini, kesho kutwa tupo kwenye daladala, wiki ijayo tena wodini. Mara ya kwanza ofisini walinichangia na kuja na matunda. Mara ya nne bosi anauliza "tena?" Hilo neno "tena" limewahi kunitoa machozi kuliko nyonga yenyewe, na nyonga yangu ya kushoto imeshakufa, damu haikuwa inafika vizuri miaka yote hiyo mfupa ukafa, natembea kwa fimbo.

Sasa tunafanyaje? Mi nilikuwa na tabia ya kuwachekesha watu. Wodini nilikuwa maarufu, manesi wanapenda zamu yangu, natoa vichekesho na dripu mkononi. Faida yake nilikuwa napata rafiki kila wodi. Hasara yake siku nimezidiwa kifua kikabana kweli, sio utani, nikawaita, wakaja wanacheka wanasubiri kichekesho. Ilikuwa ile hali ya kifua ya sikoseli ambayo inaua, nikawekewa oksijeni dakika za mwisho. Toka hapo nina ndugu yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, kazi yake ni kuongea kwa niaba yangu. Yeye sura yake inaonekana imeshtuka hata akiwa salama, kwahiyo wanamsikiliza haha.

Na niseme lingine kwa wanaume wenzangu wanaosoma kimya kimya hapa, maana hili hakuna anayeliandika. Sikoseli inaweza kukusimamisha uume masaa bila hamu yoyote, na unauma vibaya sana, na ni damu imenasa kama inavyonasa kwenye mfupa. Mimi nikiwa kijana nilificha hii kitu miaka kwa aibu, nilikuwa naruka chumbani usiku na maji ya baridi ambayo ndo hayo hayo yananiletea kraisisi, yani shambulio la maumivu, ya miguu. Ikipita masaa manne ni dharura, nenda hospitali, mwambie daktari hivyo hivyo ilivyo, watakaocheka wacheke. Wapo waliochelewa wakaharibikiwa moja kwa moja. Aibu ndo iliyowachelewesha, maana kuuma walikuwa wanakusikia vizuri tu.

Kuhusu mchumba, mwambie mkapime. Ukimwonea aibu leo, utakuja kuonea aibu na mtoto.

Mama_Achi

Hi wote, mimi niko Kisumu, mniwie radhi na Kiswahili changu cha huku. Niko na kijana wa miaka tisa ako na sikoseli, na huku magharibi ni wengi sana, kwa kliniki yetu tunajuana wote. Mimi na babake kila mmoja amebeba nusu ya hiyo sikoseli bila kuumwa na hakuna aliyejua, tulijua wakati vidole vya mtoto vilifura akiwa hata hajafika mwaka, mikono na miguu, anapiga nduru ukimshika. Nyanyake alikuwa anasema ati tumemkalia.

Binti nimesoma ile story ya babako kukaa nje nikalia kwa matatu watu wakinitazama. Kwa sababu mimi ndio huyo mzazi. Juzi kijana alikuwa amelala kwa mat anaumwa na mgongo, mimi nimekaa hapo namkanda na mafuta, ananiangalia hivi ananiambia "mum si ukunywe chai". Miaka tisa! Anaumwa yeye halafu ananihurumia mimi. Sikujua ni kitu mbaya, nilikuwa naona nimebahatika na mtoto mwenye roho nzuri, nikijivunia hata kwa kanisa ati huyu wangu ni mvumilivu. Sasa venye umeandika hapa nimeona anajifunza kunyamaza juu yangu.

Kitu ingine niko nayo ya kuchangia. Aliwekwa kwa haidroksiyurea. Kulikuwa na utafiti mkubwa ulifanywa kwa watoto wa Kilifi huku kwetu, na Mbale Uganda, na Kinshasa na Luanda, majibu yakatoka 2019, watoto waliotumia hiyo dawa maumivu yalipungua sana na hata malaria na kuongezewa damu vikapungua. Na kwa wangu ni kweli, walai ni kweli, alikuwa analazwa kila saa na sasa muda mrefu unapita. Tukafurahi. Lakini nikaona kijana bado hachezi. Wenzake wakikimbia na mpira yeye anasimama kando ya goli na jumper amefunga mpaka shingoni. Mwalimu akasema labda ako na uvivu. Nikamwuliza jioni, akaniambia "nikikimbia itarudi". Maumivu yameenda na hofu imebaki imekaa pale pale, na hakuna mtu alikuwa ametuambia tuitoe namna gani, tulidhani itatoka yenyewe ikiona dawa.

Venye tulifanya ni kidogo kidogo. Babake akaanza kumtoa jioni kabla baridi haijaingia, wanapiga pasi tu, wanakunywa maji, wanapumzika, anaenda nyumbani, hakuna kitu imetokea. Kesho hivyo hivyo. Hatukumwambia "usiogope", tulimwacha aone. Sasa ni golkipa, hataki kukimbia bado lakini anaruka. Ile siku alirudi na magoti yamechubuka alikuwa anaringa nayo, anaonyesha kila mtu, kwa sababu hii ilikuwa maumivu ya kawaida kama ya watoto wengine.

Sista_Mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi ni muuguzi, nimestaafu, nimekaa OPD, kwa wagonjwa wa nje, na wodi ya wanawake miaka mingi sana mkoani. Mwanangu Binti_Kipupwe, huyo mwenzetu aliyesema unacheka na simu nisimtetee, ila nikueleze anaona nini, maana ukijua unaweza kumzunguka.

Sisi tunafundishwa maumivu ya ghafla. Mtu kavunjika, anahema, jasho, mapigo ya moyo yako juu, presha imepanda, sura imekunjamana. Tunaoanisha maneno na hizo dalili. Sasa mtu mwenye maumivu ya mara kwa mara mwili wake mara nyingi haubaki kwenye mshtuko. Mapigo yanakuja ya kawaida, presha kawaida, sura imeshazoea. Na kraisisi ya sikoseli haina kipimo cha damu cha kusema hii hapa, wala eksirei, wingi wa damu unaweza kuwa ule ule wa siku zako zote. Kwahiyo muuguzi hana kitu cha kushika zaidi ya neno lako, na neno lako analilinganisha na sura yako, na sura yako umeifundisha kunyamaza tangu utoto. Hapo ndo mnapopishana. Yani kadiri ulivyojua kuishi na maumivu ndivyo unavyozidi kuonekana huna.

Na hili sio jambo jipya kwenye fani yetu. Kuna muuguzi wa Marekani aliitwa Margo McCaffery, mwaka 1968 huko alishaandika kwamba maumivu ni kile ambacho mwenye nayo anasema ni maumivu, na yapo pale anaposema yapo. Tulisoma chuoni tukajibu mtihani tukapata alama, tukafika wodini tukaangalia sura. Hata wataalamu wa maumivu wa dunia, maana yao ya tangu 1979 inasema maumivu ni hisia ya mwili NA ya moyo kwa pamoja, na 2020 walipoirekebisha wakaongeza kwamba mtu akisema anaumwa aheshimiwe. Sio moyo unakuja baadaye kuongezea chumvi. Vinakuja pamoja mlango mmoja.

Na hiyo simu yako mwanangu, endelea nayo. Mwaka 1965 Melzack na Wall, mmoja mwanasaikolojia mmoja wa mambo ya neva, walieleza kwamba taarifa ya maumivu haipandi moja kwa moja kichwani, kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, na ubongo wenyewe unashusha amri ya kulifungua au kulibana. Mambo ya ndani yameonekana magumu zaidi ya walivyochora ila hilo la ubongo kushusha amri limesimama. Ukicheka, ukisali, ukikandwa, ukishikwa mkono na unayempenda, geti linabanwa kidogo. Ukiogopa, ukidharauliwa, ukikaa benchi unawaza watakuamini au hawatakuamini, linafunguka. Kwahiyo aliyekusukuma nyuma ya foleni alikuongezea maumivu yenyewe, wala sisemi kwa mafumbo. Na kwa sikoseli kuna ziada, uchovu, kukosa maji, baridi, maambukizi na msongo wa mawazo vyote vinaweza kuchokoza kraisisi.

Nitoe na habari ya Dokta Beecher, hii nilikuwa nawapa wanafunzi wakisinzia. Daktari wa Kimarekani, vita vya pili vya dunia, anatibu majeruhi huko Italia. Anakuta askari kajeruhiwa vibaya, tumbo, mifupa, akimwuliza unataka kitu cha maumivu wengi wanasema hapana. Sio kwamba wamekufa ganzi, maana hao hao ukiwachoma sindano vibaya kutafuta mshipa wanafoka. Aliandika 1946. Baadaye akawalinganisha na raia waliopasuliwa hospitali kwa amani kabisa, hao wengi waliomba dawa. Yeye alivyoelewa, kwa askari lile jeraha lilikuwa na habari njema ndani yake, vita imeisha kwangu narudi nyumbani. Sasa mgonjwa wa sikoseli mgeuzie hiyo. Kwako likianza paja linakuletea habari kwamba mtihani umepita, bosi anasema tena, mama hataenda sokoni, na fulani mliyekuwa mnalazwa naye mwaka ule hayupo. Mfupa ni ule ule ila habari iliyobebwa ni nzito. Ndo maana mimi nikimkuta mgonjwa wa hivi namwuliza kwanza "umeacha nini nyumbani?" na hapo hapo naandaa sindano. Sisubiri kimoja kiishe.

Kuhusu kuitwa teja. Hofu ya mofini, ile dawa kali ya maumivu, kwa wafanyakazi ni kubwa, nyingine ya sheria za dawa za kulevya, nyingine ujinga tu. Anayejua dawa na kipimo kinachomsaidia ni mgonjwa mzoefu, mwenye kisukari akijua yuniti zake tunamsifu. Uganda wenzetu wamekwenda mbali, mofini ya maji ya kunywa wanatengeneza, na tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso ya mgonjwa, wanaruhusiwa kuiandika.

La kufanya. Ukifika pale usianze na namba ya maumivu peke yake, anza na kisichofanyika: "siwezi kusimama, sijalala, nimekunywa dawa fulani saa fulani haikushika". Halafu iseme simu kabla hawajaisema wao: "nikiangalia hii inanisaidia nisipige kelele, msidhani nimepona". Unawanyang'anya maneno. Kama una homa, kifua kinabana, kuhema kwa shida, mdomo umekwenda upande, mkono hauna nguvu, hapo usistaarabike kabisa, piga kelele.

Mtu_wa_Semi

Mama shikamoo. Nimesoma yote. Jirani wa Mbagala naye nimemsoma, nimemwonyesha mke wangu ile ya watoto kukimbia wakisikia geti nikidhani atanitetea, akacheka peke yake jikoni dakika nzima hajasema kitu.

Naomba kuuliza mama, hilo geti lako la uti wa mgongo linafanya kazi na maumivu ya mgongo pia au ni la damu tu? Maana nikiwa barabarani usiku na mwenzangu tunapiga stori hata mlima Kitonga nakata sijui kama nina mgongo. Nikifika nyumbani kwenye godoro zuri ndo unawaka. Nilikuwa nadhani ni kitanda.

Sista_Mstaafu

Marahaba baba. La watu wote, hata la jino. Godoro nalo liangalie lisiwe limebonyea, lakini mwenzako wa kupiga stori unamwacha Tunduma, ndani unaingia unakuta kimya ulichokiagiza mwenyewe. Waite watoto wakukande. Na utafute mtu wa viungo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitali ya mkoa yupo, sio kulala tu na sio wale wa kukanyaga mgongo kwa miguu stendi. Mgongo wa diski mara nyingi unataka utembee. Ukianza kufa ganzi katikati ya mapaja au kushindwa kuzuia haja, usisubiri safari iishe.

Mzee_wa_Sweta

Nimempenda huyu mke wa semi na sijamwona.

Mama Achi, huyo golkipa mwambie nina fimbo moja ya ziada, akifungwa bao aje tumchape mshambuliaji. Na usijisumbue sana na ile ya chai. Mi mama yangu angenywa chai ningelala. Watoto hatukutaka msilie kabisa, tulitaka tuone mtu mzima mmoja kwenye chumba ambaye hajaogopa. Babu yangu alikuwa hivyo, anakaa pembeni ya kitanda anasuka ukili, hasemi pole, hasemi jikaze, nikilia anasuka, nikinyamaza anasuka. Nililia vizuri sana mbele ya yule mzee.

Mama_Achi

Babu wa kusuka sina lakini niko na cherehani. Leo nitashona hapo karibu na yeye. Asante kakangu.

Binti_Kipupwe

Jamani. Nimesoma mara ya pili nikiwa nimejifunika sweta lenyewe. Mama Achi hukukosea, mtoto wako akikua atakwambia, mi mpaka leo nikiumwa bado nataka mama ndo ajue wa kwanza, nachotaka tu asiache kwenda sokoni. Nitampigia nimwambie hivyo hivyo, sijui kwa nini sijawahi.

Ya mchumba nimemtumia meseji mchana kabla sijabadilisha mawazo, nimeandika tu "Jumamosi twende tukapime sikoseli wote wawili, mi majibu yangu nayajua tayari". Kajibu "mbona umechelewa kuniambia, nilikuwa naona dawa kwenye pochi nikadhani ni za kitu kingine". Sijajua nicheke au vipi. Kasema tutaenda.

Sista shikamoo na asante sana. Swali langu la mwisho, nikisema yote hayo na bado nikakutana na yule yule wa zamu ile, kuna karatasi yoyote naweza kushika? Maana siku nikizidiwa hata hayo maneno uliyonipa hayatatoka.

Sista_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ipo, omba kliniki yako wanaokujua wakuandikie barua fupi kwa daktari, yenye muhuri: hali yako, wingi wa damu wa siku zako za kawaida ili wasihangaike kukuongezea bila sababu, dawa unazotumia, zipi na kiasi gani zimewahi kukutuliza, zipi zinakudhuru, na namba ya simu ya kliniki. Waombe waongeze sentensi moja kwamba mgonjwa huyu anaweza kuwa na maumivu makali huku ametulia. Nilishawahi kuandikiwa wagonjwa wangu hivyo na daktari mmoja mzuri, ilisaidia. Ipige picha iwe kwenye simu, nakala moja mpe huyo mchumba, nyingine iwe kwenye pochi pamoja na kadi ya bima. Ibadilishwe kila dawa zikibadilika.

Mzee_wa_Sweta

Laminesheni muhimu. Yangu ililowa uji.